Pumzi Ndani ya Mashine Namba Kumi na Nne

Jumanne asubuhi, baada ya kuosha vyombo, Verna Hruska alivaa aproni ya mumewe, akaingia gereji, akaibana mashine kuukuu ya kunolea kwenye jiliwa.

"Nati ya kushoto inafunguliwa kinyume," alisema mumewe, Orville, kutoka kitini, mrija wa oksijeni ukiwa puani.

"Najua."

"Hata wiki iliyopita ulijua. Ukaikata."

Orville alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na tisa katika kiwanda cha vyuma cha Brandeker, mjini Lorimer, Ohio. Kazi yake ilikuwa kusawazisha kingo za vyuma vilivyotoka kwenye kalibu, akiwa ameinamia mashine ileile kila siku, na vumbi la mchanga likimwingia kifuani. Kampuni ilisema feni za kufyonza vumbi zilikuwa zikifanya kazi. Ni kweli, zilifanya kazi kila siku aliyokuja mkaguzi. Kiwanda kilipofungwa, mashine, kila moja na namba yake na mtu wake, zilipigwa mnada, zikatawanyika majimbo matatu. Orville akaanza kuzitafuta na kuzitengeneza ili asikae bure. Mikono ilipokosa nguvu za kuinua chuma, Verna alishika spana, naye Orville akawa mwelekezaji.

Ya kwanza Verna kuimaliza peke yake ilikuwa namba sita. Alibadilisha beringi, akapaka koili vanishi mpya, akayaning'iniza mawe yake mawili ya kunolea kwenye kamba na kuyagonga kwa mpini wa bisibisi. Jiwe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya kigae. Yote mawili yalilia. Akaiwasha, ikanguruma vizuri. Alipoizima, mawe yaliendelea kuzunguka karibu dakika mbili, na yaliposimama, pumzi ikatoka kwenye matundu ya nyuma ya mota. Ilinuka kahawa na tumbaku ya kutafuna. Ikatikisa kalenda ukutani, ikapita mlangoni na kushika barabara ya Mtaa wa Elmore.

Mchana simu ikalia. Alikuwa mke wa Lester Yoakum, aliyefanya kazi na Orville kiwandani.

"Verna, Lester kapanda ngazi mpaka chumbani bila kupumzika. Ni nyie?"

"Tumewasha namba sita."

"Basi ndiyo yake. Asanteni, jamani. Kesho nawaletea keki."

Hadi majani yanaanza kupukutika, Verna alikuwa ametengeneza mashine tisa. Pumzi za walio hai ziliwarudia wenyewe. Za waliokufa zilienda nyumbani kwao na kukaa. Ya Delmar Tackett ilichagua mahali karibu na jiko, ikawa inatia ukungu dirishani, na mjane wake, Opal, alilazimika kulifuta kioo kila asubuhi.

Kisha wakili akapiga simu, binti mmoja mpole aliyekuwa akiwatetea wafanyakazi na wajane bila malipo mbele ya baraza la fidia. Daktari wa kampuni alikuwa amempima Lester na wenzake, na wote walikuwa wakipumua kama farasi wachanga. Wamefutwa kwenye shauri. Wanaume thelathini na mmoja walikuwa wamezikwa tayari, lakini vyeti vyao vya kifo vilisema nimonia, au moyo, au uzee. Kifua kibovu kilichobaki cha kuonyesha vumbi lilifanya nini kilikuwa kimoja tu.

"Shauri zima la wajane linamtegemea mzee wako," alisema wakili. "Naona aibu kukuambia hivi, Bi. Hruska, lakini asipone kabla ya kikao."

Wiki hiyohiyo Verna aliipata namba kumi na nne, mashine ya Orville. Ilikuwa katika banda la nguruwe huko Indiana, imeganda kwa kutu na kinyesi. Mwenye banda alikubali kuiachia iwapo Verna angemnolea visu vyake vyote vya kukatia nyasi, naye akashinda huko kutwa akinoa. Aliirudisha nyumbani, akailoweka mafuta, akaivuta rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya mota, taratibu, akatafuta beringi ambazo hazitengenezwi tena hadi akazipata. Kufikia Oktoba ilikuwa mezani, imepakwa rangi ya kijivu, tayari.

Kikao kilikuwa kiwe Oktoba. Kampuni iliomba kiahirishwe hadi Novemba, halafu hadi Januari. Orville akaanza kulala akiwa ameketi. Midomo yake ikawa na rangi ya zambarau, na sentensi zake zikawa zinakatika katikati.

"Iko tayari, Orville," Verna alimwambia. "Ni kubonyeza tu."

"Usiiwashe."

"Unakufa, baba."

"Opal. Na wenzake. Usi..." Alitafuta hewa. "...iwashe."

Verna akaenda kwa Opal Tackett. Alimkuta ameshika kitambaa, anafuta dirisha.

"Najua ulichofuata," alisema Opal. "Unataka ruhusa."

"Ndiyo."

"Mimi ningekuwa wewe, ningeshaiwasha zamani." Alikamua kitambaa kwenye sinki. "Lakini ruhusa sikupi, Verna. Hiyo usiniombe."

Januari ilipofika, kampuni iliomba Machi, na baraza likakubali. Barua ilikuja na posta ya asubuhi. Verna aliisoma akiwa amesimama, akaiweka juu ya friji, akaenda gereji. Alisimama kando ya mashine, si mbele yake, kwa sababu jiwe jipya linaweza kupasuka katika dakika ya kwanza. Akaiwasha. Jiwe halikupasuka. Alihesabu dakika nzima, akazima, akasubiri.

Pumzi ya Orville ilikuwa kubwa kuliko alivyotazamia. Ilinuka pipi za mnanaa alizokuwa akinyonya siku za ujana wake kazini. Haikuzunguka kutafuta njia. Ilipita mlango wa jikoni, na Verna akasikia kikombe kikianguka, halafu mvuto mmoja mrefu wa hewa uliong'oa pazia la dirisha. Kisha akasikia jina lake likiitwa kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na moja.

"Verna!"

Ilikuwa sauti ya hasira. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia huku akitabasamu, kwa maana ilikuwa kamili, haikukatika.

Tangu siku ile Orville hakusema naye, ingawa sasa angeweza. Alichukua koleo na kwenda kuondoa theluji mbele ya nyumba za wajane wote, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyefungua mlango.

Machi kikao kilifanyika. Daktari wa kampuni aliweka chombo chake kwenye mgongo wa Orville, akasikiliza, akasema mapafu ni safi. Mwenyekiti akauliza kama shahidi ana la kuongeza.

Orville akainuka. Akavuta hewa mara moja. Akataja wanaume thelathini na mmoja, kila mmoja kwa jina lake, namba ya mashine yake, mwaka alioingia kiwandani na mwaka aliozikwa, akianzia na Delmar Tackett. Hakutua popote kuvuta hewa nyingine. Ilichukua karibu dakika nne. Wajane waliokaa nyuma walikuwa wakiinua vichwa kwa zamu, kila mmoja lilipofika jina la mumewe.

Alipomaliza, mwenyekiti alimshukuru. Karani akaandika kwamba shahidi hana tatizo lolote la kupumua, na mawakili wa kampuni wakaomba nakala ya maneno hayo. Shauri likafungwa kabla ya chakula cha mchana.

Wajane walitoka wakampita Verna ukumbini bila kusimama. Opal alipunguza mwendo, akamtazama, akaendelea. Orville alikuja wa mwisho, kofia mkononi. Mlangoni akamshika Verna mkono, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Hakuwa amemsamehe. Ngazi za nje zilikuwa na barafu.