Kichwa Kisichoinama

Ile ndege ya Zumra inapopita juu ya ua wangu, shoga, inatazama wapi? Hivyo aliniuliza siku moja Bi Mwanakombo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akiwa anaanika nguo, nami nikamjibu inatazama mapaa tu, mapaa na minazi, nikaona nimejibu vizuri. Leo nimekaa chumbani baada ya sala ya alasiri, binti yangu Zumra yuko nje anairusha hiyo droni yake, ndiyo mchezo wake wa siku za mapumziko, nami nimepakata kioo kinachoonyesha kila inachokiona kule juu. Kabla hajatoka nayo nimeiweka juu ya mswala wangu, maana droni ikiwashwa inataka mahali palipo sawa, na sakafu ya nyumba hii imebonyea kila pembe isipokuwa pale ninaposujudia. Ikajipima hapo. Kile kidude kinachoshika kamera isitikisike, Zumra hukiita gimbali, kikaiinua kamera, kikaiinamisha, kikaigeuza kulia na kushoto kama mtu anayetoa salamu mwisho wa sala, nikacheka, na Zumra akasema, mama, hii ni wewe mtupu, ndege iyumbe itakavyo, kichwa chake kimetulia. Watu wananisema hivyo tangu nilipofiwa na mume wangu, kwamba sikuyumba, na napenda kusikia. Astaghfirullah. Kioo kinaonyesha mabati, mabati, mnazi, mabati, kope zinakuwa nzito, navuka kizingiti cha chumba changu na ukumbi siukuti.

Nakuta njia, na njia inachezeshwa kama ungo, upande huu inapanda, upande ule inashuka, miguu yangu inapepesuka, mabega yanakwenda mrama, lakini kichwa kimetulia kama maji ndani ya mtungi. Mwanzo naona raha. Natembea, njia inazaa njia, naingia mji ambao nyumba zake hazina mapaa na kuta zake zote ni vioo, na ndani ya kila kioo yumo mwanamke wa buibui aliyeinua uso, ni mimi, ni mimi tena, na katikati yetu anatokea mwanamke mwingine ambaye uso wake hauna jicho wala mdomo, laini kama mgongo wa upawa. Namtolea salamu, anaitika. Namuuliza njia ya kwetu ni ipi, anasema kwenu ni pale usipotazama. Namuuliza mbona hana uso, anasema kila niliyemchungulia aliondoka na kipande. Kisha ananiuliza kwa sauti ya utani, mama mcha Mungu, shingo haikuumi kwa kuwa imara hivyo? Namwambia mimi sichungulii mtu. Anatangulia, namfuata.

Adhana inasikika, sijui inatoka upande gani, wanawake wanatandika mikeka katikati ya njia nami naingia safuni. Tunarukuu, mgongo wangu unapinda, kichwa kinabaki kinatazama mbele. Tunasujudu, magoti yako chini, viganja viko chini, na uso wangu uko juu, umetokeza kama wa ng'ombe anayechungulia juu ya ua, naiona migongo ya wenzangu yote, naziona nyayo zao. Nakishika kichwa kwa mikono miwili nakisukuma, kinashuka kidogo, nikiachia kinarudi taratibu, kwa adabu kabisa. Mwanamke wa kando yangu ananinong'oneza bila kuinuka, wewe, unatutazama tukisujudu? Aibu inanipanda kutoka miguuni kama maji ya moto. Natoka safuni, nakimbia, na njia ninayoikimbilia inainuka mpaka inapita juu ya kuta, najikuta niko juu ya ua wa Bi Mwanakombo. Naujua kwa mpapai wake na ndoo yake ya buluu. Amekaa kwenye kigoda. Anafungua kanga ya kichwani, na kichwani hamna hata unywele mmoja, kimekuwa kama cha mtoto aliyenyolewa arobaini. Anajimiminia maji kwa kata, polepole, kama anayeogopa kuumia, na anayaambia yale maji, mpaka nipone, asijue mtu.

Nataka kugeuka. Mwili unageuka, macho yamebaki kwake. Naenda kushoto, namwona. Narudi nyuma, namwona. Nafumba macho, na ndani ya kope yumo vilevile na kigoda chake. Namlilia yule asiye na uso, nifundishe kuinama. Anasema kilichowashwa hakiinami. Namwambia basi kizime, anasema mkono wangu haufiki kisogoni pako. Napapasa mwenyewe nyuma ya shingo, nakuta kitufe, nakiogopa, maana sijui kikizimwa ni kichwa tu au ni mimi mzima. Chini yangu Bi Mwanakombo anaanza kuinua uso. Natamka shahada, nabonyeza. Shingo inalegea yote mara moja na kidevu kinaangukia kifuani.

Kidevu kiko kifuani, kanga imelowa mate, kioo mapajani ni cheusi, na Bi Mwanakombo amesimama mlangoni kwangu na bakuli la mbaazi. Kanga ameifunga mpaka kwenye nyusi. Ananilaumu, amepiga hodi mpaka koo limekauka, na mimi nalala alasiri yote hii kama sina akili, nitaota mashetani. Anacheka. Nami nacheka, lakini upepo wa kule juu bado uko masikioni, na mlango huu sijaujua kama ndio wangu au ni mmoja wa milango ya ule mji, na kabla sijaujua mdomo umeshasema.

Pole na maradhi, shoga. Mungu atakuponya.

Kicheko chake kinakatika. Maradhi gani, anauliza, na hapohapo mkono wake unapanda wenyewe mpaka kwenye kanga, unashika pale kwenye fundo. Natakiwa niinamishe macho, na sasa shingo inainama vizuri tu, hakuna kinachoishika, nami naufuata ule mkono kwa macho mpaka unapotua. Anakitazama kioo mapajani mwangu. Nje droni ya Zumra inavuma inashuka. Nimeota tu, namwambia, wallahi nimeota, na ninapoapa sijui kama naapa kweli au uongo. Bi Mwanakombo anaweka bakuli sakafuni, mbali na mswala wangu, analishika pindo la kanga isipeperuke, anatoka.