Mahali Bori Hakufagia

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Yeon-im aliinama kuokota vitu sakafuni: soksi, waya wa simu, mto wa kukalia, na lile gazeti lenye pilipili nyekundu ambazo mama yake alizianika sebuleni kana kwamba bado wanaishi shamba. Roboti ya kufagia haikuwa na simile. Wiki ya kwanza ilimeza kamba ya aproni ikakwama chini ya kabati. Wiki ya pili ilipita katikati ya pilipili ikazisambaza mpaka chumbani.

"Umemnunua akutumikie," mama yake alicheka kutoka dirishani, "sasa wewe ndiye unayemfanyia usafi ili apite."

"Nimemnunua ili usipige magoti, Mama."

"Kwani magoti yangu yamekukosea nini?"

Mama yake, Bibi Bunrye, alikuwa ameshavuka miaka themanini, na tangu aolewe hakuwahi kuiruhusu siku ianze kabla hajapiga magoti na kitambaa chenye maji, akifuta sakafu kutoka ukuta wa ndani hadi mlangoni, kinyumenyume. Sakafu ndiyo waliyokalia, ndiyo waliyolia chakula, na juu ya joto lake, maana ilipashwa moto kutoka chini, ndipo walipolala. Mgeni akivua viatu akakanyaga mchanga, aibu ni ya nani? Lakini majira ya baridi yaliyopita alikuwa ameanguka bafuni. Baadaye akaanguka jikoni. Mara mbili alilisahau jiko la gesi likiwaka. Kusimama alisimama kwa kushika ukuta, na siku nyingine ukuta haukutosha. Ilibidi binti yake amkumbatie kiunoni na kumwinua.

Ndipo mashine ikanunuliwa. Ilikuwa ya mviringo, nyeupe, na ilizungumza kwa sauti ya kitoto yenye adabu nyingi. Bibi Bunrye aliipa jina la Bori, jina la mbwa waliyemfuga zamani, na tangu siku hiyo hakuiita tena mashine. Alimwambia habari za hali ya hewa. Alimuuliza kama amechoka.

Yeon-im alitengeneza vitoweo nyuma ya duka kubwa, kutwa nzima mikono ikiwa kwenye kabichi na chumvi. Mume hakuwa naye. Kaka yake aliishi katika jiji la Busan, na kwenye simu alikuwa mbali kuliko Busan yenyewe. Wakati wa mapumziko alikaa kwenye ngazi za nyuma za duka na kufungua simu, kwa sababu kila Bori alipomaliza kazi, alituma ramani ya nyumba. Palipofagiwa palipakwa rangi ya samawati. Aliposhindwa kufika palibaki peupe. Na kila siku, karibu na dirisha la roshani, palikuwa na doa jeupe la mviringo. Hapo ndipo mama yake alipokaa. Yeon-im aliliangalia lile doa, akashusha pumzi, akarudi kwenye kabichi.

Doa lile lilimtuliza, lakini halikuweza kumshika mtu mkono. Alichokitaka Yeon-im kilikuwa kimoja tu: binadamu wa kukaa na mama yake wakati yeye yuko kazini. Ofisi ya bima ya matunzo ya wazee ilitoa wasaidizi wa namna hiyo, ila kwanza ilibidi ofisa aje nyumbani kumpima mzee, aone kama amedhoofika kiasi cha kustahili. Yeon-im aliomba, akasubiri, akapangiwa siku. Msimamizi wake, Bi Cheon, alimpa ruhusa ya nusu siku huku akitazama pembeni.

"Yeon-im, mama yako ana siku nyingi kuliko kalenda."

"Hii ni ya mwisho, dada."

Jioni ya kuamkia siku hiyo alimkalisha mama yake chini. "Sikiliza, Mama. Kesho bwana akikuuliza, mwambie ukweli. Usijikaze kisabuni. Goti likiuma, sema linauma. Ukishindwa kusimama, usisimame. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Ni mtihani."

"Siyo mtihani, Mama."

"Mtu anakuja na makaratasi, anauliza maswali, anaandika majibu. Wewe unauitaje?"

Bibi Bunrye hakuwahi kufanya mtihani maishani. Alitolewa shule akiwa bado mdogo ili abebe wadogo zake mgongoni. Wanawe walipofanya mitihani, yeye ndiye aliyesimama nje ya geti la shule kwenye baridi, akiomba wafaulu. Usiku ule Yeon-im alimsikia akinong'ona mbele ya kalenda, akikariri tarehe, siku, mwezi, na jina la mtaa wao. Alidhani mama yake anaomba dua, akamwacha. Kosa hilo lilimkaa moyoni muda mrefu.

Asubuhi alimkuta amejipodoa. Amevaa koti lake la zambarau la harusi za watu, nywele zimepakwa mafuta, na midomo ina rangi kidogo.

"Mama! Ndiyo nini hii?"

"Unataka mgeni anikute kama kitambaa cha jikoni?"

Kengele ya mlango ikalia kabla hawajamaliza kubishana. Ofisa aliitwa Bwana Pyo, mtu wa makamo, mpole, mwenye soksi zilizotoboka kidogo kwenye kidole gumba. Alikalishwa kwenye mto, akawasha kompyuta yake ndogo magotini.

"Bibi, leo ni tarehe ngapi?"

Bibi Bunrye aliitaja tarehe. Akaongeza siku. Kisha, bila kuulizwa, akataja mwaka na mtaa na namba ya jengo lao.

"Safi kabisa," alisema Bwana Pyo, akabonyeza.

"Amekariri," Yeon-im alisema. "Siku za kawaida hajui hata kama ni asubuhi au jioni. Juzi aliacha gesi..."

"Samahani, mama. Tafadhali tumwache ajibu mwenyewe." Akamgeukia tena bibi. "Ninyanyulie mikono juu. Vizuri. Unajivalisha mwenyewe?"

"Nani mwingine anivalishe? Nina mume?"

Bwana Pyo alicheka. Bibi Bunrye naye akacheka, mashavu yakamwiva. Yeon-im alimminya mama yake kidole chini ya meza. Kidole hakikujibu.

"Sasa, bibi, unaweza kusimama bila kushika kitu?"

Hapo Bibi Bunrye alisita. Aliutazama mkono wa binti yake, akayatazama magoti yake. Yeon-im aliona jinsi ukweli ulivyokuwa ukimpanda kooni taratibu, kwa shida, na akamwombea moyoni: sema, Mama, sema tu.

"Siku hizi," alianza bibi, "magoti haya..."

Bori akaamka. Ilikuwa saa yake ya kawaida, na katika pilikapilika za koti na rangi ya midomo Yeon-im alikuwa amesahau kumzima. Alitoka kwenye kituo chake akiimba kawimbo kake, akazunguka mto wa ofisa, akakata sebule moja kwa moja hadi mlangoni, mahali sakafu inaposhuka ngazi moja hadi penye viatu. Kwa kawaida Yeon-im aliweka ubao pale. Leo ubao ulikuwa umeondolewa ili mgeni apite. Bori akaporomoka, akabiruka juu ya viatu vya Bwana Pyo, magurudumu juu.

"Nimekwama," alisema kwa ile sauti ya kitoto. "Tafadhali nisaidieni. Nimekwama. Tafadhali nisaidieni."

"Uwii, mtoto wangu!"

Na Bibi Bunrye akasimama. Hakushika ukuta, hakushika meza. Alisimama kama mtu wa miaka hamsini, akavuka sebule, akapiga magoti mlangoni, akamwinua Bori kwa mikono miwili na kumfuta vumbi la viatu kwa mkono wa koti lake la zambarau. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshasimama na mgeni bado hajakula kitu, akapitia jikoni akarudi na tufaha na kisu, akalimenya maganda yakashuka bila kukatika, akamkatia vipande.

"Karibu ule, mwanangu. Umetoka mbali."

"Aisee, bibi, una nguvu kuliko mama yangu mimi," alisema Bwana Pyo, na alikuwa anamaanisha. Vidole vyake vilibonyeza, vikabonyeza.

Yeon-im alimfuata hadi kwenye lifti akiwa na soksi tu. "Bwana ofisa, nakusihi. Umeona kitu cha dakika mbili. Usiku huu hataweza hata kugeuka kitandani. Wazee wetu ndivyo walivyo, akija mgeni watakufa na tai shingoni."

"Nakuelewa, mama. Hata mimi nina mzazi." Alivaa kiatu vizuri kwa kusukuma kisigino. "Lakini mimi naandika ninachokiona. Nikiandika nisichokiona, nitaulizwa mimi."

Mlango wa lifti ukajifunga. Aliporudi ndani alimkuta mama yake amelala ubavu, uso umekuwa wa majivu, mikono yote miwili imelishika goti. Maumivu yalikuwa yamerudi yote kwa mkupuo. Hata hivyo macho yake yaling'aa.

"Nimefaulu?"

Yeon-im alitaka kupiga kelele. Alitaka kulitupa lile dude jeupe kwenye roshani. Badala yake alikaa sakafuni, akakichukua kichwa cha mama yake na kukilaza mapajani. "Umejitahidi sana, Mama," alisema.

Majibu yalitoka: hastahili. Sauti ya msichana kwenye simu ilisema wanaweza kuomba upya hali ikibadilika.

"Ikibadilikaje?" Yeon-im aliuliza.

"Ikiwa mbaya zaidi, mama."

Bibi Bunrye hakuambiwa kwamba wamenyimwa, na labda ingefaa aambiwe, kwa sababu tangu siku ile alianza kuringa. "Bwana wa ofisi amesema nina nguvu kuliko mama yake." Alimwambia Bori, akamwambia jirani wa mlango wa pili. Kitambaa ambacho Yeon-im alikuwa amekificha nyuma ya mashine ya kufulia kilionekana siku moja kimeanikwa roshani, kikiwa kibichi.

"Mama, umepiga magoti?"

"Bori anachukua vumbi tu, hafuti vizuri. Namfuata nyuma kidogo tu."

"Utaanguka!"

"Ofisi ya serikali imenipima. Wewe umesomea wapi?"

Yeon-im alikificha kitambaa mahali pengine. Asubuhi aliondoka kama kawaida, kwa sababu siku za ruhusa zilikuwa zimekwisha na hakuna kazi nyingine iliyokuwa ikimngoja mwanamke wa umri wake.

Theluji ya kwanza ilianguka siku ya kabichi nyingi, msimu ule ambao kila nyumba hutengeneza achari ya kukaa mpaka majira ya kuchipua. Katika mapumziko Yeon-im alikaa kwenye ngazi na kufungua simu kwa kidole kilichonuka vitunguu saumu. Bori alikuwa amemaliza. Nyumba imesafishwa, iliandika simu.

Akatafuta doa karibu na dirisha. Halikuwepo. Pale pote palikuwa samawati, pamefagiwa hadi ukutani. Akafikiri, basi leo amelala chumbani. Chumbani napo palikuwa samawati. Ndipo macho yake yakafika mbele ya mlango wa bafu. Pale palikuwa peupe. Halikuwa doa la mviringo. Lilikuwa refu, limepinda kidogo katikati, na pembezoni mwake rangi ya samawati ilikuwa imepita mara nyingi, ikizunguka na kurudi.

Alipiga simu nyumbani. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Dada, naomba niende nyumbani. Mama ameanguka."

Bi Cheon aliitazama ile simu aliyosogezewa. "Nani kakwambia? Hapa pameandikwa nyumba imesafishwa."

Yeon-im alitoka na aproni yake na glavu za mpira.

Alimkuta na shavu juu ya sakafu yenye joto, kitambaa kibichi mkononi. Alikuwa amekitafuta akakipata. Alikuwa na fahamu. Mguu mmoja ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

"Bori alikuja," alisema Bibi Bunrye kwa sauti ndogo. "Akanigonga begani. Akaniambia tafadhali ondoa kizuizi. Nikamwambia, mtoto wangu, nakuja, nasimama sasa hivi."

Hospitali walisema ni nyonga. Walisema pia, kwa umri ule, asitegemee kutembea. Yeon-im alilala kwenye kitanda chembamba cha wauguzaji, na Bi Cheon alimtumia ujumbe kwamba nafasi yake imeshapata mtu.

Aliomba upya. Hali ilikuwa imebadilika.

Aliyekuja wodini ni Bwana Pyo yuleyule, akiwa na theluji mabegani. Alipomwona Yeon-im alisimama kidogo mlangoni, kisha akasogeza kiti na kuwasha kompyuta yake. Hakutazamana naye.

"Bibi, leo ni tarehe ngapi?"

Bibi Bunrye alilitazama dirisha kwa muda mrefu. Dawa zilikuwa zimempeleka mbali. "Bori ameshafagia?" aliuliza.

"Mwezi je? Unajua tuko mwezi gani?"

Alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Unaweza kunyanyua mikono?"

Mmoja ulinyanyuka.

"Unaweza kukaa?"

Alijaribu. Hata pale, mbele ya mgeni, alijaribu. Mishipa ya shingo ikamsimama, na kichwa kikaachana na mto kwa upana wa kiganja. Kisha kikarudi. "Mwanangu, nisamehe," alimwambia Bwana Pyo. "Nimeshindwa kukukatia tufaha."

Bwana Pyo alibonyeza kwa muda. Alipomaliza aliifunga kompyuta, akasimama, akainama mbele ya kitanda kwa heshima zote, kama mtu anavyowainamia wazazi wake sikukuu. "Safari hii mtapata," alimwambia Yeon-im, kwa sauti ambayo bibi asingeisikia. "Daraja la juu. Msaidizi atakuja kila siku." Akaondoka haraka.

Bibi Bunrye alisubiri hadi nyayo zilipopotea kwenye korido. Kisha akamtafuta binti yake kwa mkono, akamshika kidole.

"Nimefaulu?"

Yeon-im aliinama, akamfuta mate pembeni mwa mdomo kwa aproni ya duka, ile ambayo bado hajairudisha.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Safari hii umefaulu."