Kabla ya Amri

Walimzika Alute mchana, kwenye kona ya shamba lake mwenyewe, bila kilio. Leonidas, mdogo wake, alichimba huku jasho likimtiririka machoni, na kila mara aliinua kichwa kuangalia njia ya boma. Rahabu, mke wa marehemu, alikaa chini kando ya mwili. Shuka halikutosha kuufunika. Nyayo za simba zilikuwa bado mbichi kwenye udongo uliopaliliwa, pana kama sahani, na mkononi mwa marehemu kilibaki kipande cha fimbo.

Fimbo, maana mikuki ilikuwa bomani. Baada ya mavuno Serikali ilitoa amri: wanaokufa mashambani hawauawi na simba, wanauawa na watu waliovaa ngozi za simba. Kwa hiyo kila mwanamume asalimishe mkuki wake. Na kikitokea kifo kingine, wanaume wote wa kijiji watachukuliwa mpaka muuaji atajwe. Walikwisha kuchukuliwa mara moja, kabla ya amri hiyo. Wengi walirudi na migongo iliyochanika. Mzee mmoja hakurudi.

"Shemeji, usilie," Leonidas alinong'ona. "Askari wakisikia, tumekwisha."

"Wakiniuliza aliko?"

"Amekwenda Tanga kukata mkonge."

Basi Alute akawa amekwenda Tanga. Rahabu alipalilia peke yake, akipiga debe kila mara ili kelele zimlinde. Mimba ikaanza kuonekana. Wanawake walimpa pole kwa macho tu. Mtama ulipopita kimo cha mtu, simba alichukua mbuzi wa jirani, na hakuna aliyepeleka habari popote.

Masuke yalipotoka, Bwana Shauri, mkuu wa boma, alikuja kufanya baraza. Alikuwa Mzungu mrefu, Kiswahili chake kimenyooka kama cha kitabuni. Kando yake aliketi karani wake Kombo, mtu wa pwani, na nyuma ya kiti alisimama Jumbe Manase, kofia mkononi.

"Kabla ya amri," alisema Bwana Shauri, "watu kumi na mmoja waliuawa hapa. Tangu amri, hakuna hata mmoja. Hesabu haisemi uongo. Dawa imepatikana, na wakubwa wa Dar es Salaam wamefurahi. Sasa tunaipeleka Unyambwa."

Watu walipiga makofi. Rahabu alizaliwa Unyambwa. Kaka zake walilima huko, pembeni kabisa ya pori. Alijikuta amesimama.

"Shikamoo, Bwana. Naomba mikuki yetu irudi. Na ya Unyambwa msiichukue."

"Kwa nini, mama? Nani amekufa?"

Jumbe Manase alimkazia macho, akatikisa kichwa taratibu.

"Mume wangu," Rahabu alisema. "Simba alimkuta na fimbo. Watu hawajaacha kufa, Bwana. Tumeacha kukuambia."

Bwana Shauri aliinuka. "Nionyeshe kaburi."

Mvua ilikuwa imelivika kaburi majani ya kufika magotini. Bwana Shauri aliyapekua kwa ncha ya bakora yake. Shingo ilimwiva nyekundu. Rahabu akajisemea moyoni: amenisikia.

"Ripoti imekwisha kwenda," Mzungu alimwambia karani kwa sauti ya chini. Kisha akawageukia wanaume.

"Sikilizeni. Kama mtu huyu alikufa baada ya amri, basi kijiji kizima kimeficha mauaji. Lori langu lina nafasi, na nitarudi kuwachukua watakaobaki. Kama alikufa kabla ya amri, hayo ni mambo ya zamani. Jumbe, unasemaje?"

"Kabla, Bwana," Manase alisema upesi. "Tazama majani yalivyokomaa."

"Na wewe?"

"Kabla."

"Kabla, Bwana."

Zamu ilimfikia Leonidas. Alimtazama Rahabu, akatazama lori.

"Mimi ndiye ndugu yake," alisema. "Alikufa kabla."

"Leonidas! Si wewe uliyembeba begani—"

Jumbe alimkamata mkono, akamvuta nyuma.

"Karani," alisema Bwana Shauri, "kabla ya amri, kumi na wawili. Baada ya amri, sifuri."

Kombo aliinua macho, yakatua kwenye tumbo la Rahabu. Akayateremsha haraka, akaandika.

Jioni Leonidas alifika mlangoni kwake, hakuingia.

"Shemeji, nisamehe. Nina watoto."

"Hata kaka yako ana mtoto. Huyu hapa."

Leonidas aliitazama miguu yake. "Ndilo lililonileta. Jumbe anasema Bwana atarudi. Aliyekufa kabla ya mavuno yaliyopita hawezi kuacha mimba ya mwaka huu. Mtoto akiitwa wa Alute, itajulikana tumesema uongo."

"Wewe unajua ni wa nani."

"Najua."

"Basi sema!"

"Nimekwisha kusema, shemeji. Mbele ya Serikali. Ukoo umekaa. Mtoto si wetu, na shamba linarudi kwa ukoo. Wanasema urudi kwenu."

Nyuma yake, uani, alikuwa amekaa mama yake Alute, ambaye ndiye aliyeuosha mwili kwa mikono yake. Rahabu alimwita, "Mama!" Mama mkwe alikisogeza kigoda chake, akampa mgongo.

Alipofika karibu na Unyambwa, furushi la nguo kichwani na miguu imevimba, alikutana na lori la boma likitokea huko. Mikuki ilikuwa imefungwa mafungu kama kuni. Askari mmoja alikaa juu yake akitafuna muwa, akampungia mkono.

"Tembea bila wasiwasi, mama! Siku hizi njia ni salama."

Lori likapita. Mbele ya Rahabu njia iliingia kwenye mtama, mrefu kuliko mtu pande zote mbili. Ndege waliokuwa wakidonoa masuke waliruka wote kwa pamoja, wakaenda kutua mbali.