Msimamizi Aliyekaa

Usiku wa jana niliota, na wewe msomaji ulikuwemo. Usijifanye hukumbuki. Ulikaa kwenye benchi la ukutani, nyumbani kwa mama yangu Tukuyu, karibu na kabati la vyombo, na kila mama alipokutazama wewe ulihesabu misumari ya dari.

Kilikuwa kikao cha ukoo. Mama alikaa chini, kwenye mkeka, kama siku ya matanga ya baba. Baba mdogo Ambindwile alikuja na kiti cha baba akakikalia, kile cha mninga chenye mikono, alichokihamishia kwake kabla udongo wa kaburi haujakauka. Yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Ukoo ulimchagua, mahakama ikamthibitisha, na tangu hapo hajagawa hata kijiko. Jumamosi hii anaiuza nyumba. Mnunuzi alishakuja na futi kamba, akapima mpaka chumba anacholala mama, na mama mwenyewe akiwa amelala.

Hayo ya mirathi si ya ndoto. Ndoto inaanzia hapa: hakimu alikuwa mwavuli.

Ni mwavuli mweusi wa baba, umening'inia msumarini. Unajifungua kidogo, unajikung'uta maji, unasema, "Kesi ya nyumba ya marehemu. Msimamizi yuko wapi?"

"Nipo, mheshimiwa," anasema baba mdogo.

"Nakuona umekaa."

"Magoti yananisumbua."

"Msimamizi husimama. Neno lenyewe linakwambia. Aliyekaa tunamwitaje?"

Kiti kinajibu kutoka chini yake, kwa sauti ya mtu aliyebanwa kifua. "Mkaliaji, mheshimiwa. Amenikalia mimi, amekalia shamba la chai, amekalia nyumba, na sasa anamkalia mjane kooni."

Watu wanacheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa umefikia msumari wa karibu na taa.

"Wosia upo?" mwavuli unauliza.

"Upo," anasema mama, "ila ni wa mdomo. Marehemu hakutaka kuandika. Kila nikimkumbusha aliniambia nisimletee uchuro."

"Basi mdomo uletwe."

Mlango unafunguka na mdomo wa baba unaingia, peke yake, na masharubu yake, unanuka tumbaku. Unapanda kwenye stuli. Pembeni umebaki na chembe ya ndizi. Mama anaufuta kwa pindo la kanga.

"Ndaga," mdomo unamshukuru. "Hujambo, Mama Sekela?"

"Sijambo, baba. Si ungeandika tu?"

"Niliogopa kufa."

"Na hukufa?"

"Nikafa."

Mwavuli unakohoa. Mdomo unajiweka sawa, unatoa ushahidi. "Nilisema nyumba ni ya mke wangu, shamba ni la watoto. Nilisema kwa sauti, siku ya Pasaka, humu humu sebuleni, watu wote hawa wanakula."

"Nani alisikia?"

Mimi nilikuwepo Pasaka ile. Kwenye kikao cha matanga niliposimama kusema nilisikia, niliambiwa mtoto wa kike hana sikio la ukoo. Nakumbuka aliyesema. Nakumbuka na koti alilovaa, na kwamba koti lenyewe lilikuwa la baba.

"Mheshimiwa," anasema baba mdogo, "siku ile mvua ilikuwa kubwa. Bati lilipiga kelele. Hakuna aliyesikia kitu."

"Hatukusikia," anasema shangazi.

"Hatukusikia," wanasema wa benchi la ukutani, na midomo yenu inachezacheza pamoja.

"Basi masikio hamna kazi nayo," mwavuli unasema. "Mama, lete beseni."

Sasa hatuko sebuleni. Tuko katikati ya shamba la chai, benchi zile zile, mkeka ule ule. Mvua inanyesha, lakini chini ya mwavuli tu. Mama anapita na beseni kama anayenawisha wageni. Kila mtu anavua masikio yake, anayatumbukiza. Hakuna damu. Hakuna anayelalamika, isipokuwa shangazi, anayeomba abakishiwe lile lenye hereni.

La kwako nililiona. Lilikuwa juu kabisa, jipya, kama halijawahi kutumika.

Beseni linawekwa mbele ya hakimu. Masikio yanaanza kusema, moja moja kwanza, kisha yote, kama kwaya inayotafuta sauti. "Nyumba ni ya mke wangu. Shamba ni la watoto. Ambindwile, ongeza ndizi, usione haya."

"Hilo la ndizi ni kweli," anasema baba mdogo. "Aliniambia hivyo hivyo. Nikaongeza."

Mwavuli unajifungua wote. "Kumbe mvua ilipisha la ndizi."

Baba mdogo anatazama kwenye majani ya chai. Kiti kinainama mbele, kinammwaga taratibu, kama maji ya kunawia.

"Utasimama mpaka ugawe," mwavuli unasema. "Hutakaa kitini, wala kitandani, wala mkekani."

"Naweza kukata rufaa?"

"Kata. Lakini ukiwa umesimama."

Simu ikaniamsha. Alikuwa mama.

"Sekela, umeamka? Hebu niambie, ile dawa ya kuchua uliyoniletea uliinunua wapi? Mke wa baba yako mdogo yuko hapa mlangoni anaiomba. Anasema mumewe tangu alfajiri hakai. Chai kanywa wima, dirishani. Ukimuuliza anaumwa wapi, anasema haumwi."

"Kiti cha baba je?"

Akauliza pembeni, akarudi. "Anasema kiti kipo. Mzee anakizunguka tu."

Mimi napanda gari la kwanza kwenda Tukuyu. Yangu ya kusema nayajua. Sasa wewe. Yupo mjane unayemfahamu, na siku mumewe aliposema, ulikuwepo, ulikuwa unatafuna. Usinieleze habari za mvua. Nenda ukaseme ulichosikia, mbele ya hao hao wanaokutisha. Na kama wewe ndiye unayetangaza wosia mezani kwa kuogopa kalamu, ichukue leo, uandike, utie sahihi mbele ya mashahidi wasiorithi kitu. Nje ya ndoto, mdomo wako hautaitwa kwenye kesi yoyote.

Jumamosi bado haijafika. Najua unasoma haya ukiwa umekaa.

Simama.