Upepo wa Mkokoteni

"Tairi," shangazi yangu Tata Nelius alisema. "Umempa mamangu hewa ya tairi."

"Tata, si nimekueleza..."

"Sijasema hujaeleza. Nimesema tairi. Tairi inayokanyaga mavi ya punda."

Nikamjibu kwa sauti, na hapo ndipo nilikosea, ati mavi yako nje, hewa iko ndani. Alipiga meza, glasi ikaruka. Tulikuwa nyumbani kwake Meru, nyuma ya soko la Gakoromone, na wale mama wa ndizi walikuwa wameanza kunyamaza huko nje ili wasikie vizuri.

Katikati yetu alikaa Cucu Igoki, nyanya yangu, pua na mdomo ndani ya kifuniko cha plastiki. Mashini yake ya kupumulia ilinguruma karibu na miguu kama paka aliyeshiba, na mvuke wa dawa ulimtoka kando ya mashavu. Hakuwa anamwangalia yeyote kati yetu. Alikuwa anaangalia swichi ya stima ukutani, vile mtu huangalia mlango ambao amefungiwa.

Hiyo ilikuwa Januari ya tisini na sita. Nilikuwa nimemaliza Form Four, nangoja matokeo, na mikono yangu haikuwa na kazi. Mikono yangu ikikosa kazi hufungua vitu. Krismasi ilikuwa bado haijafika nilipofungua hiyo mashini. Cucu ana pumu, na kwetu chini kule upande wa Siakago hakuna stima, kwa hivyo Tata, ambaye ni nesi, alimleta Meru akae karibu na ukuta wenye soketi. Mimi niliamini ndani ya ile mashini kuna hewa spesheli, hewa ya hospitali. Nikatoa skrubu nne. Nilipata mota ndogo na kapampu kadogo, basi. Kazi yake yote ni kusukuma upepo. Upepo unapita kwa mpira mwembamba, unaingia kwa kikombe cha dawa, dawa inakuwa mvuke. Nilisikia kama nimedanganywa, halafu nikafurahi.

Tata alinipata na skrubu mkononi. "Ukiiharibu," akasema, "utampulizia wewe na mdomo."

Sasa, mawele yakianza kukomaa kwetu, mtu huhama. Unashuka shambani na sufuria na blanketi, unajenga kibanda, na kando yake unasimamisha kitanda cha miti juu ya nguzo nne. Unakaa hapo juu kama wiki tatu ukifukuza ndege, kutoka jua litoke mpaka lizame. Cucu hakuwa amekosa hata mwaka mmoja tangu awe msichana. Pale Meru alikuwa ameanza kuamka mapema bila sababu, anakaa dirishani, anasikiliza.

"Nikikosa mwaka huu," aliniambia, "ndege watajua."

Ndio nikajiuliza: kama ni mota tu, hiyo mota itajuaje imekula stima ya nani? Nikaenda kwa Kaberia, fundi wa redio pale mjini, ambaye alikuwa anazunguka akionyesha video kwa masoko yasiyo na stima. Akaniazima betri mbili za lori na inverta, kasanduku ka kugeuza moto wa betri uwe kama ule wa ukutani. Nilipiga hesabu nyuma ya kitabu changu cha fizikia, mara tatu. Dawa asubuhi, dawa jioni, dakika kumi kumi. Zingetosha wiki tatu na zibaki.

Tata alikataa siku mbili. Ya tatu akasema, "Wiki tatu. Lakini akibanwa hata mara moja, anarudi hapa, na hatashuka huko tena. Milele. Mmesikia nyote wawili?"

Tulisikia. Tulipanda gari siku hiyo hiyo kabla abadilishe roho.

Na ikafanya kazi. Siku ya kwanza niliunganisha waya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikabonyeza, na ile mashini ikanguruma katikati ya mawele, mahali hata redio hukamata kwa shida. Majirani walikuja kuona mama mzee akitoa mvuke. Cucu alipanda kitandani pake pa miti na kushika zile kamba zinazovuka shamba lote, zimefungwa mikebe. Akivuta, mikebe inalia, ndege wanaruka kama shuka limekung'utwa.

"Mume wangu," ananiita kutoka huko juu, "umelala? Babu yako alikuwa anatupa mawe mpaka mkono unakataa."

Huniita mume kwa sababu nimebeba jina la mume wake, Mugendi. Tata naye huniita Baba, kwa sababu ni jina la babake. Isipokuwa akikasirika. Akikasirika mimi ni wewe kijana.

Hesabu yangu ilikuwa sawa kabisa. Kitu sikuweka kwa hesabu ni Cucu mwenyewe. Yeye, betri ndogo za redio yake zikichoka, huzianika juani, na kweli redio huongea tena kidogo. Siku ya kumi na mbili, mimi nikiwa upande wa pili wa shamba na kombeo, aliamua kunisaidia. Akatoa waya, akaburuta zile betri mbili za lori mpaka juani, sijui kwa nguvu gani, akaziacha zipate joto. Saa nne akazirudisha. Waya nazo akazirudisha, nyekundu kwa nyeusi.

Mimi nilijua kwa mikebe. Ilinyamaza. Nikangoja ilie, haikulia, na ndege wakaanza kushuka bila haraka.

Nilimpata ameketi chini akiegemea gurudumu la mkokoteni wetu wa punda, mabega yanapanda na hayashuki. Kibanda kilinuka plastiki iliyoungua. Inverta ilikuwa imekufa. Mashini ilikuwa nzima, lakini haikuwa na kitu cha kula. Dawa yake ya mfukoni, ile ya kuvuta kwa mdomo, alijaribu, haikuingia, pumzi ilikuwa fupi sana. Hospitali ya Siakago ni masaa mawili kwa punda, na punda alikuwa amefunguliwa akale.

"Nilitaka... kukuongezea moto," akasema. Maneno hayo yalimchukua pumzi nne.

Sitasema nilifikiria. Niliangalia mahali ameegemea. Tairi ya gari kuukuu, nilikuwa nimeijaza juzi ikawa ngumu kama jiwe. Upepo. Mashini yote ni upepo, na yeye ameegemea upepo.

Nikachomoa ule mpira mwembamba kutoka kwa mashini. Nikalegeza sindano ya valvu na koleo mpaka ikaanza kuvuja polepole, nikavalisha mpira juu yake, nikafunga na blada, ule ukanda wa mpira wa kombeo langu. Kifuniko nikaweka usoni mwangu kwanza. Kilinuka kibanda cha fundi wa baiskeli. Nikaweka dawa kwa kikombe, na mvuke ukatoka.

Ukatoka mweupe, sawasawa na wa Meru.

Alishika kifuniko mwenyewe kwa mikono miwili. Mkokoteni ulianza kuinama upande huo, kidogo kidogo, na kadiri ulivyoinama, mabega yake yalianza kushuka. Mikebe ilikuwa kimya. Ndege walikula walivyotaka.

Kesho yake nilimpeleka Meru akaangaliwe. Nilimweleza Tata kila kitu, kwa furaha, kama mtu anayesoma matokeo mazuri. Sikuwa nimewahi kugundua kitu kama hicho. Ndipo akasema tairi.

"Kuna unga ndani ya tyubu," sasa alikuwa anasema. "Kuna mafuta. Hiyo ingeua hata mtu mwenye mapafu mazima."

"Najua."

"Hujui."

Kweli, sikujua. Dawa iliisha, mashini ikabadilisha sauti. Tata akainama akaizima, akabaki ameinama.

"Ilichukua dakika ngapi?"

"Kama kumi na moja."

"Na mvuke ulitoka mpaka mwisho?"

"Mwisho ulipungua. Nikapanda mkokoteni, nikaukalia."

Kitu kama kicheko kilimpita mdomoni, akakimeza. Cucu akatoa kifuniko.

"Nelius, mawele yamebakisha wiki."

"Mami, tuliongea."

"Wewe uliongea." Akanigeukia. "Mume wangu, mkokoteni uliuacha vile vile?"

"Vile vile. Umelalia rimu."

"Basi nenda uutie upepo. Tairi itakatika."

Nikachukua koti. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango Tata aliponiita.

"Baba."

Nikasimama.

"Akibanwa huko tena, usitumie hiyo ya mkokoteni. Tafuta tyubu mpya, iwe kando. Uisuuze ndani na sabuni, halafu uianike. Kivulini."

"Nimesikia."

Nikatoka, nikafunga mlango.