Jua la Kupanga

Nchi ya Mulika ilikaa ndani ya bonde refu jembamba, kati ya milima miwili iliyosimama wima kama kuta za kisima, na jua lile linaloangukia bila ubaguzi mashamba na makaburi ya nchi nyingine zote halikupata kulifikia bonde hilo tangu ardhi ilipotandikwa. Hata hivyo hapakuwa na nchi iliyosifiwa kwa mwangaza kama Mulika. Juu ya mlima wa mashariki wenyeji walikuwa wamesimamisha Kioo, kipana kuliko uwanja wa soko, kilichochongwa kwa ustadi hata popote kilipoelekezwa jua lilifuata na kumwagika hapo mchana kutwa. Waliokimiliki waliitwa Washikakioo, koo chache zilizokaa katika jumba la mawe meupe mwanzoni mwa bonde, na wao ndio walioamua ni mtaa gani umulikwe, ni dirisha la nani, na kwa muda gani. Waliitwa washika, ingawa hakuna aliyekumbuka kumwona hata mmoja wao amekigusa.

Mulika ilikuwa nchi nzuri, na ni haki kulisema hili mapema, kwa kuwa anayesimulia ubaya mtupu wa ugenini ni mwongo sawasawa na anayesimulia uzuri mtupu. Barabara zilifagiliwa, maji hayakukatika bombani, hospitali zilikuwa na vitanda ambavyo mgonjwa alilala peke yake, na basi likiahidi kufika asubuhi lilifika asubuhi. Ila mwanga ulikuwa wa kupanga. Aliyetaka dirisha lake limulikwe alilipia dirisha, aliyetaka ua wenye joto alilipia joto la ua, na aliyekosa alihamia Ukungu, mtaa uliojibanza chini kabisa ya mlima, ambako majirani walitambuana kwa sauti na nyayo kabla ya kutambuana kwa sura.

Huko Ukungu ndiko alikokaa Mwavita, aliyetoka Uwandani.

Uwandani jua lilikuwa la bure na karibu kila kitu kingine kilikuwa cha kubahatisha. Mwavita alikuwa mwalimu wa shule isiyo na madawati, na mshahara wake ulikuja kama mvua ya mwaka wa ukame: leo tone, kesho wingu tupu. Mumewe, Hemedi, alikuwa mwashi. Binti yao wa pekee, Zuhura, alipokuwa mdogo aliwahi kushikwa na homa, wakamkimbiza hospitali, wakapewa ushauri mzuri bila dawa. Mtoto alipona kwa kudra, lakini tangu siku ile Hemedi hakuacha kuitazama njia ya milimani. Alimwambia mkewe kwamba huko Mulika mtoto haugui akakosa dawa, na Mwavita, ambaye angeweza kubishana na maneno mengine yote, hilo hakuweza kubishana nalo. Wakauza nyumba na ng'ombe, wakaenda.

Mwanzoni walipanga chumba chenye dirisha lililomulikwa asubuhi hadi adhuhuri, wakajiona wamefika. Kisha maisha yakaanza kuwafundisha bei yake. Mwenye nyumba alitaka kodi ya chumba mbali na kodi ya mwanga. Viatu vya mtoto vya majira ya baridi havikuwa viatu vya shule, na vya shule havikuwa vya michezo. Kuni, nauli, mama wa kumwangalia mtoto wazazi wakiwa kazini, hata mahali pa kuanikia nguo, kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Hemedi, aliyewajengea watu wa Uwandani nyumba zilizostahimili mafuriko, aliambiwa hawezi kugusa tofali mpaka asomee upya uashi kwa taratibu za Mulika, akaishia kusukuma mikokoteni sokoni. Mwavita akapata kazi mlimani, katika kundi kubwa la wageni waliopangusa Kioo kwa matambara na kukisukuma kwenye magurudumu yake kila walipoamriwa. Kutwa nzima alikuwa ndani ya mwanga uliomtoa machozi, akiugawia bonde, na jioni alirudi kwenye chumba ambamo alijua chungu kimechemka kwa kusikiliza.

Kila gharama mpya iliponyoosha mkono ilitua dirishani. Kutoka nusu siku wakashuka hadi robo, na kutoka robo wakahamia Ukungu, kwenye mwanga wa saa moja tu kwa siku, ambayo walimwachia Zuhura. Binti huyo alikuwa anasoma vizuri. Hakuchapwa, alikuwa na vitabu vyake mwenyewe, na alikwishaanza kuwasahihisha wazazi wake lugha ya Mulika. Lakini kicheko chake kilipungua, ngozi yake ikafifia kama kanga iliyofuliwa mno, na akaanza kutembea kwa kuburuta mguu. Mwavita akampeleka hospitali. Daktari aliwapokea kwa upole, akamsikiliza mama kwa muda mrefu kuliko alivyopata kusikilizwa na daktari yeyote maishani, akamkandakanda mtoto magoti na vifundo.

"Mtoto wako hana maradhi, mama," alisema mwishowe. "Amekosa jua tu. Mpatieni nusu siku kila siku, atanyooka."

Mwavita alimshukuru. Alipotoka nje alikaa kwenye benchi lililosuguliwa safi, binti yake akimwegemea, akaiwaza Uwandani, ambako kitu hicho alichoandikiwa kama dawa kilimwagwa juu ya mbuzi na mawe, na watu wakakikimbia.

Sasa, Mulika kulikuwa na sikukuu iitwayo Fadhila. Siku hiyo Washikakioo waliuachia mwanga juu ya uwanja wa mji bila malipo, na wageni wote wa Ukungu walivaa walichonacho, wakasimama uwanjani, wakapigana picha na kuzituma makwao. Picha hizo ndizo zilizoijaza njia ya milimani wageni wapya. Mwavita naye alituma yake, kwa sababu mama mkwe alitaka kumwona mjukuu, na kwa sababu mtu aliyeuza nyumba hapendi kuonekana ameiuza bure. Picha ikamfikia mdogo wake, Chausiku, ambaye mara hiyo akatangaza kwamba anauza shamba la urithi ili amfuate dada yake. Mwavita akampigia simu, akamweleza yote: Ukungu, mkokoteni wa Hemedi, mguu wa Zuhura. Hakuficha kitu.

"Dada, picha yako ninayo hapa mkononi," alisema Chausiku. "Unang'aa."

"Ni ya siku moja, mdogo wangu."

"Hata hiyo siku moja ni yako. Mimi nina jua la siku zote, na mwanangu nilimzika mchana kweupe. Wewe umekwishapanda, sasa unataka kuvuta ngazi."

Aliyezikwa ni mtoto wa kwanza wa Chausiku, aliyekufa kwa homa ileile ambayo Zuhura aliipona, na hakuna hoja ya kivuli inayoshinda kaburi la mtoto.

Chausiku akaja, na mtoto wake wa pili mgongoni. Aliingia kile chumba, akapapasa ukuta akitafuta dirisha, akalipata, akasimama mbele yake kwa muda kama anayengoja kufunguliwa mlango. Hakulia wala hakuomba radhi. Alimshusha mtoto, akauliza jiko liko wapi ili asaidie kupika, na siku ya pili naye akaandikishwa kazi mlimani. Ndugu hao wakawa wanapanda pamoja asubuhi, kila mmoja akiona aibu kwa ajili ya mwenzake.

Haukupita muda, mkubwa wa Washikakioo, mzee aliyeitwa Mtukufu Tandabili, akamwoza binti yake wa mwisho kwa ukoo wa nchi jirani. Ili wageni waone dhahabu na marumaru za jumba kama zinavyostahili kuonekana, aliamuru Kioo chote kigeuzwe kulielekea jumba kwa muda wa harusi. Wapangusaji wakaweka mabega, wakasukuma, na kwa mara ya kwanza tangu kale bonde zima likazama gizani mchana. Harusi ikanoga; wageni wakaomba iendelee, ikaendelea. Waliokuwa wamelipia madirisha yao waliambiwa wavumilie, kwani heshima ya nchi ni ya wote. Mboga zikaoza sokoni, shule zikafungwa, na ile saa moja ya Zuhura ikaenda pamoja na saa za wengine. Mguu wake ukamshinda kabisa. Akawa wa kubebwa.

Asubuhi moja, baragumu la kuwaita wapangusaji lilipolia, Mwavita alijifunga kanga kiunoni kama kawaida, akafika mlangoni.

"Mama," Zuhura aliuliza kutoka kitandani, "leo unakwenda kummulikia nani?"

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtoto anavyouliza chakula ni nini. Mwavita aliachia kitasa, akarudi ndani, akakaa kando ya mwanawe.

Hemedi alimsihi. Alimkumbusha kwamba wasiokwenda hufukuzwa nchini, na akamtajia watakavyovipoteza: shule, maji, kitanda cha hospitali, dawa. Aliongea bila hasira, kama mtu anayehesabu vyombo nyumba ikiungua.

"Vyote hivyo ni kweli," Mwavita alisema. "Ndiyo maana nimepanda mlima ule siku zote hizi. Leo sipandi."

Chausiku, aliyekuwa tayari nje, hakusikia nyayo za dada yake zikimfuata, akageuka na kurudi. Jirani akauliza kulikoni, akaambiwa mwalimu amekaa na mwanawe. Naye alikuwa na mtoto. Habari ikapita ukuta kwa ukuta katika mtaa ule wa watu waliozoea kusikilizana, na baragumu lilipolia mara ya pili, kisha ya tatu, njia ya mlimani ilikuwa tupu.

Jumbani hawakulitambua jambo hilo upesi, maana mwanga ulikuwepo, na asiyepungukiwa haulizi. Lakini siku zikafuatana, na kila alfajiri Kioo kililishukia jumba kwa nguvu ileile. Mapazia yakapauka. Rangi ikabanduka kutani kama maganda ya kidonda. Wageni wa harusi wakafunga taulo machoni, kisha wakafunga mizigo. Washikakioo wakapanda mlimani na walinzi wao, wakayashika magurudumu waliyorithi, wakasukuma hadi viganja vikachubuka, lakini Kioo hakikutikisika.

Ndipo watu wa bonde wakaanza kutoka nje. Walisimama gizani, mtaa baada ya mtaa, wa Ukungu na hata wale wa madirisha ya gharama, wakatazama juu. Hakuna aliyekuwa amepata kuliona jumba namna ile. Kila mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, kila chumba kilikuwa cheupe kama sahani: maghala yaliyofurika, shuka zilizorundikana za hospitali iliyoahidiwa Ukungu na haikufunguliwa, watu wazima wakigombea kivuli cha nguzo moja. Msemaji wa jumba alitoka barazani, mkono juu ya macho, akaligeukia bonde asiloweza kuliona. Aliuliza kuna nani huko chini. Alisubiri. Kisha akaahidi dirisha kwa kila familia, mchana kutwa, mwaka mzima, na sauti yake ikapasuka katikati ya ahadi.

Chausiku alimsogelea dada yake, aliyembeba Zuhura mgongoni.

"Wanatuona?"

"Hawatuoni."

Mahali fulani nyuma yao mtu alikohoa kusafisha koo, kama anayetaka kumjibu msemaji. Mwavita hakumjua ni nani, wala hakujua angejibu nini, wala yeye mwenyewe, mguu wa mwanawe ukimning'inia ubavuni, angetamani ajibu nini. Upande wa njia ya mlimani zilisikika nyayo za watu wengi. Za walinzi wakishuka, au za wapangusaji wakipanda, gizani hakuna aliyeweza kupambanua.

Juu kule Mtukufu Tandabili alitoka, akaketi kwenye ngazi, akajifuta machozi, akavua joho lake na kujifunika nalo kichwa.

Zuhura akauliza yule mzee analia nini.

Mama yake akamwambia hajui, labda ni mwanga tu. Wakaendelea kutazama.