Mikanda Kumi na Mmoja

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Nikisema suruali yako tayari kesho, ni kesho; nikisema umenenepa, umenenepa. Basi msishangae nikianza kwa kukiri kwamba jambo la mbwa nililifanya mimi, kwa akili zangu timamu, na kosa lilikuwa langu.

Halmashauri ilibandika tangazo kwamba Jumamosi mbwa wote wasio na mkanda shingoni wataondolewa. Kuondolewa, eti, kana kwamba ni takataka. Maana yake ni gari, sindano na shimo. Mtaani kwetu walikuwa kumi na mmoja. Hawana mwenyewe, lakini kila nyumba inawatupia mifupa, na tangu wahamie kwetu hakuna mwizi aliyethubutu kuruka ukuta wa mtu. Majina niliwapa mimi. Karani, kwa sababu kutwa yuko mlangoni pa mtu anasubiri. Mpangaji, halali siku mbili mahali pamoja. Bibi Harusi, mweupe, anaona haya hata kula mbele za watu.

Nikasema ng'o, hawaondoki. Nikatoa mabaki ya kaki, nikakata vipande, nikavipiga mshono wa mara mbili kama wa kiunoni mwa suruali, maana mbwa ana nguvu. Siku nne nilikaa barazani na mifupa, nikiwazoesha mkono wangu shingoni mwao. Bibi Harusi alinisumbua kuliko wote. Kufikia Ijumaa jioni wote walikuwa wamevaa, nami nikajiona mjanja. Akili nyingi huondoa maarifa.

Jumamosi asubuhi gari likaja, akashuka bwana afya na wapakiaji wawili. Akaona mkanda wa kwanza, wa pili, wa tano. Akamwinamia Karani, akauchunguza mshono. Kisha akapandisha shati lake, akatazama kiuno cha suruali yake mwenyewe. Kaki ileile, uzi uleule. Jamani, sare zao nilizishona mimi mwezi uliopita, na mabaki yake ndiyo niliyowavisha mbwa. Mjinga gani anafanya hivyo? Ni mimi.

Hakucheka. Alikuja moja kwa moja barazani, akanisalimu kwa heshima, akafungua daftari. Akanieleza kwamba mbwa mwenye mkanda ana mwenyewe, mwenyewe huandikwa jina, na mbwa akimng'ata mtu, anaitwa aliyeandikwa. Tena kiwanja kimoja, mbwa mmoja. Kwa hiyo nichague mmoja, na wale kumi niwavue mikanda kwa mkono wangu, kwa kuwa hawamkubali mwingine. Nikikataa, atarudi na nyama ya sumu aimwage mtaa mzima. Hapo watakwisha mbwa wote, paka wote wa vibarazani, na Mungu aepushe mtoto wa mtu asiiguse.

Nikageuka kumtazama shemeji. Nyumba ni yake. Tangu mume wangu, kaka yake, afariki, naishi chumba cha mbele kwa hisani yake, na cherehani yangu iko kwenye baraza lake. Alikuwa amesimama mlangoni, kakunja mikono kifuani.

“Mmoja, shemeji,” akasema. “Wakizidi, utafute pa kwenda nao.”

Nikawa nimebanwa mbele na nyuma. Nikatazama mtaa. Naujua, nimeshona mapazia ya karibu kila dirisha. Viwanja ni kumi na vinne. Kila kiwanja kikichukua mbwa mmoja, wote wanapona na nafasi zinabaki. Na watu walikuwepo: muuza mkaa kasimama mbele ya magunia yake, kinyozi mlangoni na mashine mkononi, mwalimu mstaafu nyuma ya uzio wake anafuta miwani. Niliwatazama mmoja mmoja, na kila niliyemtazama aliinamisha macho. Mimi, niliyemwambia mke wa mwenyekiti kwamba gauni halina kosa, kosa ni tumbo, nilishindwa kumwomba jirani neno moja. Nikajiambia wakitaka watasema wenyewe, kwani ni mabubu?

Nikamwandikisha Bibi Harusi, kwa sababu asingeweza kupanda lile gari bila kufa kwa woga. Kisha nikachukua mkasi.

Karani alikuwa wa kwanza. Aliinua shingo mwenyewe, kama nilivyomfundisha. Nikakata. Mpakiaji akamfunga kamba, akampeleka, naye anakwenda huku anageuka kunitazama. Akafuata Mpangaji. Wa tatu, wa nne. Nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja, wala sikumtukana mtu, niliitukana kaki. Wa tano alijilaza chali nimkune tumbo. Nikamkuna kwanza. Halafu nikakata.

Wa sita alikuwa yule wa madoa. Mkasi ulipofika shingoni mwake, mkono wangu uligoma. Nikautupa mkasi chini.

“Sikati tena,” nikamwambia bwana afya. “Lete hiyo sumu yako, uanze na mimi.”

Shemeji akaniita kwa sauti ya kunionya. Sikugeuka.

Hapo ndipo muuza mkaa akakohoa, akasema huyo wa madoa ni wake. Kinyozi akamdai yule mweusi. Mwalimu mstaafu akaomba kalamu ajiandike mwenyewe, maana haamini mtu kuliandika jina lake sawasawa. Majirani wawili wa nyumba za mwisho wakaja mbio, mmoja bado ana sabuni mikononi. Wote waliobaki wakapata wenyewe.

Nikamkimbilia bwana afya nikamsihi awashushe wale watano, viwanja bado vipo. Akanijibu kwa upole kwamba wale wameshaandikwa hawana mwenyewe, na aliyewakana ni mimi. Gari likaondoka.

Watu wakanizunguka, wananipa pole na hongera kwa mkupuo. Hata shemeji aliniletea kiti. Sikukaa. Nikamfuata muuza mkaa, nikamuuliza kwa nini hakusema kabla Karani hajapakiwa, alikuwa anangoja nini.

“Fundi,” akasema, “tulikuwa tunakungoja wewe ukatae.”